Ngeli ya A-WA

Maji hayakubisha hodi Ahero.
Yalikuja usiku wa Jumanne, ngeli ya YA-YA,
yakavunja ukingo wa Nyando, yakameza mpunga,
yakachukua kuku, kitanda, na daftari langu la insha.
Mimi Adoyo, mtoto wa msimu wa palizi,
nikajikuta juu ya paa la kinu
na mtu niliyekatazwa kumsalimu.

Cherotich. Jina la jioni, ng'ombe warudipo zizini.
Binti wa muuza maziwa kutoka kule juu;
babake alitangulia kuvuka na punda,
mvua ikamfungia yeye sokoni.
Bibi alikuwa akisema: watu wa mlimani
huhesabu ng'ombe wetu kwa macho mchana,
kwa mikono usiku.
Maziwa yao yana majivu, na mioyo yao pia.
Naye kwao aliambiwa (alinieleza baadaye sana)
kwamba sisi hulala na samaki chini ya mto,
na ukila kwetu, tumbo litakusaliti kabla ya magharibi.

Usiku wa kwanza kila mtu alikaa na ncha yake ya paa.
Katikati alisimama mbuzi wake,
akilia kwa lugha tuliyoielewa sote.

Alfajiri mbuzi akateleza.
Sikuwaza. Nilishika mguu, Cherotich akashika pembe,
tukavuta, tukatukana, kila mmoja kwa lugha ya mamake,
tukaanguka chali, mbuzi juu yetu,
na mmoja wetu akacheka.
Yeye husema ni mimi.

Njaa ya mchana ndiyo iliyofungua kibuyu.
Mursik. Nilifumba macho, nikameza moshi na uchachu,
nikasubiri kufa.
Sikufa. Nikanywa tena.
Nami mfukoni nilikuwa na omena, gazeti limelowa;
akawatazama, wakamtazama,
macho mengi yale!
Akamla mmoja polepole,
kama mtu anayetia sahihi asichokisoma.

Usiku wa pili usingizi ulitisha kuliko maji.
Ukisinzia, unateleza.
Hatukuwa na lugha ila Kiswahili cha darasa la tano,
kilichochanika viwiko kama sweta zetu.
Tukakipanga, ngeli kwa ngeli, tusilale:
Bati linatetemeka. Mabati yanatetemeka.
Mti unapita. Miti inapita.
Kiti kinaelea. Viti vinaelea.
Ng'ombe anaelea.
Hapo tukanyamaza.
Wa mlimani au wa bondeni, hakuna aliyeuliza.

"Adui," nikamtupia, kwa kumtega.
Akafikiri. Mvua ikafikiri naye.
"Adui anaogopa. Maadui wanaogopa."
"Rafiki?"
"Rafiki anaogopa. Marafiki wanaogopa."
Meno yakimgongana akasema: "Kumbe ni ngeli moja."
Akasogea. Nikasogea. Mbuzi akabaki katikati,
lakini sasa kama blanketi.

Boti ilifika saa nne asubuhi.
Mwenye kasia akasema hakuna nafasi ya mnyama.
Tulikataa kwa sauti moja,
na huo ndio uliokuwa wingi wetu wa kwanza.

Sitadanganya kwamba bonde lilibadilika.
Bibi alimpa Cherotich uji, kikombe cha wageni,
kisha akakiosha mara mbili.
Baba zetu walishikana mikono wakitazama viatu.
Mwaka uliofuata ng'ombe wakaibwa,
na kidole kikaelekezwa kulekule.
Ila binamu yangu aliposema "wale,"
nilimuuliza: wale akina nani? Taja jina.
Hakuwa nalo.
Mimi nilikuwa nalo.

Leo mimi ndiye mwalimu wa darasa la tano.
Kila Desemba kibuyu hushuka na watu wa soko,
kimefungwa kwa kitambaa chekundu.
Bado siipendi ladha yake.
Hukinywa hadi tone la mwisho.
Na akija mtoto mgeni, akae peke yake dawati la nyuma,
wengine wakimnong'onea,
nafuta ubao wote, naandika A-WA,
na mfano wangu wa kwanza
huwa ni mbuzi.